Kuchagua muuzaji wa umeme na gesi Columbus, Ohio: mwongozo kamili kwa anayelipa bili

Swali hili hurudi kila msimu wa baridi: "Nilihama kampuni ili nilipe kidogo, mbona bili imepanda?" Mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya hivi vitatu. Bei ya kuvutia iliisha na mwenye bili hakuwa ameandika tarehe. Au kulikuwa na ada ya kila mwezi ambayo hakuna aliyeitaja mlangoni. Au nyumba yenyewe haikuwa na haki ya kuchagua tangu mwanzo.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Columbus, ambako, kwa nyumba nyingi, nyaya ni za AEP Ohio na mabomba ni ya Columbia Gas of Ohio. Anayeishi Cleveland, Dayton au Cincinnati atakuta majina mengine kwenye bili, lakini njia ni ileile.

Kwanza, nani ni nani

Aliyezoea kununua LUKU, au kulipa SNEL kule Kongo, amezoea kampuni moja inayofanya yote. Ohio kazi imegawanywa. Kuna mwenye nyaya au mabomba, na huyo humchagui: ndiye anayesoma mita, anayerudisha umeme ukikatika, na anayekuja ukinusa gesi. Halafu kuna muuzaji, ambaye anauza umeme au gesi inayopita humo. Muuzaji ndiye unayeweza kumchagua.

Kwa hiyo unapobadilisha muuzaji, sehemu moja tu ya bili ndiyo inayobadilika. Gharama ya usambazaji inabaki palepale. Anayekuahidi kupunguza "bili yako yote" kwa asilimia 20 anazungumzia sehemu ambayo haiko mikononi mwake.

Vitu vya kuandaa

- Bili ya karibuni ya umeme na ya gesi, kurasa zote. Ukurasa wa kwanza peke yake hautoshi.
- Matumizi ya miezi 12 iliyopita. Hupatikana kwenye akaunti yako ya mtandaoni ya AEP Ohio na Columbia Gas, au piga simu uombe.
- Namba ya SDI ya umeme, yaani namba inayotambulisha mahali umeme unapofikishwa, yenye tarakimu 17. Hii si namba ya akaunti ya kulipia. Ukichanganya hizo mbili, maombi yatakataliwa.
- Namba ya akaunti ya gesi.
- Kikokotoo, kalamu na daftari.
- Mtu mzima anayesoma Kiingereza vizuri, kama wewe hukisomi kwa uhakika.
- Muda wa saa moja bila haraka.

Namba ya SDI na ya akaunti zitunze kama unavyotunza kadi ya benki. Mtu akizipata, anaweza kukuhamishia kwa muuzaji usiyemjua.

## Hatua ya 1: Hakikisha una haki ya kuchagua

Wengi huruka hatua hii na kupoteza siku nzima bure. Kuna watu wa aina tatu wasioweza kuchagua, au wanaoweza kukwama.

Wa mita ndogo. Columbus ina majengo mengi ya kupanga ambamo mwenye jengo ananunua umeme kwa mita moja kubwa, kisha kampuni nyingine inawauzia wapangaji kupitia mita ndogo. Tazama kichwa cha bili yako. Kama jina la juu si AEP Ohio, huenda uko huko, na soko la wauzaji limefungwa kwako. Muulize msimamizi wa jengo, na uliza *kabla* ya kusaini mkataba wa nyumba mpya.

Walio kwenye PIPP. Huu ni mpango wa jimbo unaomwezesha mwenye kipato kidogo kulipa kiasi kinacholingana na kipato chake. Ukiwa humo, huwezi kujichagulia muuzaji. Usitoke kwenye PIPP kwa sababu ya bei ya muuzaji yeyote. Kwa familia yenye watoto wengi na kipato kidogo, msaada huo una thamani kubwa kuliko senti mbili za yuniti.

Wenye deni la nyuma. Maombi yanaweza kukataliwa hadi ulipe au ukubaliane namna ya kulipa.

*Umefaulu kama:* bili ina jina lako, inatoka AEP Ohio au Columbia Gas, na hujajiunga na PIPP.

## Hatua ya 2: Tafuta bei ya kawaida

Asiyechagua muuzaji hakosi umeme. Anapewa bei ya kawaida, inayopatikana kwa mnada unaosimamiwa na PUCO, tume ya jimbo inayosimamia huduma hizi. Kubaki kwenye bei hiyo ni uamuzi halali, na kuna miaka ambayo ndio uamuzi bora.

Kwenye bili ya AEP Ohio tafuta maneno "Price to Compare". Yamefuatwa na namba ya senti kwa kila kWh, yaani kila yuniti. Iandike kwa herufi kubwa juu ya ukurasa wa daftari. Kila ofa itapimwa kwa namba hiyo.

Angalizo: bei hii hupangwa upya kila mwaka kuanzia tarehe 1 Juni. Ukilinganisha ofa mwezi wa Mei, uliza kwanza bei ya Juni itakuwa ngapi. La sivyo unalinganisha mkataba wa mwaka mzima na bei iliyobakiza wiki tatu.

Gesi ina utaratibu wake. Bei ya kawaida ya Columbia Gas huitwa SCO, na hubadilika kila mwezi. Inatokana na bei ya gesi kwenye soko la NYMEX mwezi huo, ikiongezwa kiasi kilichopangwa kwa mnada. Mwezi mmoja iko chini, baridi ikikaza inaweza kupanda.

Jambo linalowashtua wengi: mteja wa bei ya kawaida wa Columbia Gas anaweza kuona jina la kampuni asiyoijua kwenye bili. Hilo peke yake si wizi. Wateja wa SCO hugawiwa muuzaji, lakini bei ni ileile ya SCO. Tafuta hizo herufi tatu karibu na jina kabla ya kupiga simu kulalamika.

## Hatua ya 3: Andika matumizi ya miezi 12

Chora safu mbili, mwezi na yuniti. Usitumie bili ya mwezi mmoja kukisia mwaka. Nyumba inayopashwa joto kwa gesi inaweza kutumia Ccf 150 (Ccf ni kipimo cha gesi) Januari na 12 tu Julai. Umeme nao hupanda Julai na Agosti kwa sababu ya kipoza hewa.

Kwenye gesi, chunga kipimo. Columbia Gas hutumia Ccf, yaani futi za ujazo 100. Mashirika mengine hutumia Mcf, ambayo ni Ccf 10. Ofa ya dola 6.20 kwa Mcf ni sawa na senti 62 kwa Ccf. Anayesoma haraka huona 6.20 hapa na 0.62 pale, akadhani moja ni ghali mara kumi.

## Hatua ya 4: Fungua jedwali la PUCO

Nenda energychoice.ohio.gov, chagua umeme au gesi, kisha AEP Ohio au Columbia Gas. Jedwali linaitwa "Apples to Apples". Ni bure, na wauzaji wote humo wana cheti cha PUCO. Chuja kwa utaratibu huu:

1. Aina ya bei iwe "Fixed", yaani isiyobadilika. Ile ya "Variable" muuzaji anaweza kuibadilisha mwezi kwa mwezi, na mwenye bajeti ndogo haimfai.
2. Tazama safu ya muda wa mkataba.
3. Tazama safu ya "Early Termination Fee", faini ya kuvunja mkataba.
4. Tazama safu ya "Monthly Fee".
5. Tazama kama bei ni ya utangulizi, kisha soma maelezo ya ofa yote hadi mwisho.

Chagua ofa tatu tu uziandike. Ukiandika kumi utachoka na kuchagua ya kwanza.

Ofa zenye kadi ya zawadi, maili za ndege au taa za bure ziache mwisho. Zawadi hiyo imeshahesabiwa ndani ya bei.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya mwaka, si ya yuniti

Hapa ndipo pesa inapopatikana au kupotea, kwa hiyo twende taratibu. Bei zinazofuata ni za mfano. Weka zako.

Tuseme bei ya kawaida ni senti 10. Muuzaji wa kwanza anatoa senti 8.5 pamoja na ada ya dola 9.95 kila mwezi.

Nyumba inayotumia yuniti 750 kwa mwezi:
- Bei ya kawaida: 750 × 0.10 = dola 75.00
- Muuzaji: 750 × 0.085 = 63.75, ongeza 9.95 = dola 73.70

Faida ni dola 1.30. Sasa chukua fleti ndogo ya yuniti 350:
- Bei ya kawaida: dola 35.00
- Muuzaji: 29.75 + 9.95 = dola 39.70

Huyu anapata hasara ya dola 4.70 kila mwezi, na bei aliyosaini ni ya chini. Ndiyo maana jirani yako anaweza kukusifia muuzaji kwa ukweli kabisa, nawe ukaumia kwa mkataba uleule. Ada ya mwezi humkandamiza anayetumia kidogo.

Muuzaji wa pili anatoa senti 6.9 kwa miezi 3, kisha bei inabadilika. Tuseme inakuwa senti 14, na nyumba inatumia yuniti 600:
- Miezi 3 ya kwanza: 600 × 0.069 × 3 = dola 124.20
- Miezi 9 inayobaki: 600 × 0.14 × 9 = dola 756.00
- Jumla ya mwaka: dola 880.20
- Bei ya kawaida kwa mwaka: 600 × 0.10 × 12 = dola 720.00

Hasara ni dola 160.20. Na katika ile miezi mitatu, mwenye nyumba alikuwa akifurahia bili kushuka, pengine akiwaambia na wenzake.

*Umefaulu kama:* kila ofa ina namba moja, jumla ya miezi 12, ada zikiwemo, na iko kando ya jumla ya bei ya kawaida. Kama tofauti ni chini ya dola 30 kwa mwaka, ushauri wetu ni kubaki ulipo. Utajiepusha na faini, barua na tarehe za kukumbuka.

Gesi

Kwa gesi, chukua matumizi ya kila mwezi uzidishe kwa bei ya SCO ya mwezi huo, iliyo kwenye bili za nyuma. Mfano: Januari Ccf 150 kwa senti 60 ni dola 90.00, Julai Ccf 12 kwa senti 45 ni dola 5.40. Jumlisha miezi yote 12. Kisha zidisha matumizi ya mwaka kwa bei ya mkataba.

Kosa la kawaida ni kuangalia SCO ya Julai pekee na kusema ni rahisi. Julai hutumii gesi nyingi. Miezi ya kuamulia ni Desemba hadi Machi. Anayechagua mkataba wa bei isiyobadilika ananunua utulivu: atajua kila Ccf ya Januari itagharimu ngapi. Utulivu huo una bei yake, na kuna mwaka SCO itamshinda.

## Hatua ya 6: Muulize muuzaji maswali haya

Piga simu, na andika jina la anayejibu, tarehe na saa.

- Bei ni hii hadi bili ya mwezi gani?
- Baada ya hapo inakuwa aina gani, na nitajulishwa vipi?
- Kuna ada yoyote ya mwezi, ya kujiunga au ya bili ya karatasi?
- Faini ya kuvunja ni kiasi kimoja, au ni kwa kila mwezi uliobaki? Dola 10 kwa mwezi inasikika ndogo, lakini miezi 20 ikiwa imebaki ni dola 200.
- Bei ina kodi ndani yake au kodi inaongezwa?
- Nikihama nyumba ndani ya Columbus, mkataba unahama nami?
- Nitaletewa bili moja kupitia AEP au mbili?

Omba mkataba wenyewe kwa barua pepe kabla ya kukubali. Anayesema utaupata baada ya kujiunga anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Mshukuru, ukate simu.

## Hatua ya 7: Jiandikishe wewe mwenyewe

Tumia tovuti ya muuzaji, ukianzia kwenye kiungo cha jedwali la PUCO ili ofa iwe ileile. Jaza SDI kwa umakini. Piga picha ya ukurasa wa mwisho wenye bei na muda.

Ukijiunga kwa simu, au kwa mtu aliyekuja mlangoni, kutakuwa na simu ya uthibitisho inayorekodiwa. Sauti inauliza maswali mafupi: wewe ndiye mwenye akaunti? Umekubali kubadilisha muuzaji? Umeelewa kwamba yeye si AEP Ohio? Kila "yes" ni sahihi yako. Nyumba nyingi humpa simu mtoto wa miaka kumi na miwili kwa sababu Kiingereza chake ni kizuri. Mtoto anajibu "yes, yes" ili amalize arudi kucheza, na mama anakuwa na mkataba wa miaka mitatu. Usimpe mtoto simu hiyo. Kama huelewi swali, jibu "no", na maombi yanaishia hapo bila madhara.

Mtu akigonga mlango

Huwa ana kompyuta kibao mkononi na kitambulisho shingoni, na mara nyingi neno la kwanza ni kutaka bili: "Let me see your bill, I'm checking if you get the discount." Hiyo bili ndiyo anayoitaka, kwa sababu ina SDI. AEP Ohio haihitaji kuona bili iliyokutumia yenyewe. Usimwonyeshe. Mwambie aache karatasi ya ofa yenye jina la kampuni na bei, kisha uipitishe kwenye Hatua ya 5. Ofa nzuri itakuwepo hata kesho.

## Hatua ya 8: Subiri barua, hesabu siku 7

Baada ya kujiunga, AEP Ohio au Columbia Gas itakutumia barua ya kuthibitisha kwamba unahamishwa. Usiitupe pamoja na matangazo. Una siku 7 za kughairi bila faini, zikihesabiwa tangu tarehe ya muhuri wa posta, si siku uliyofungua bahasha. Hesabu na Jumamosi na Jumapili ili uwe salama.

Ukighairi, piga simu kwa mwenye nyaya au mabomba, kwenye namba iliyo katika barua. Omba namba ya uthibitisho, uiandike.

Kama barua imekuja na wewe hukuomba kuhama, umehamishwa bila idhini. Ghairi siku hiyohiyo, kisha ripoti PUCO kwa 1-800-686-7826.

Barua inayofanana nayo

Miji mingi ya Ohio hununua umeme au gesi kwa pamoja kwa ajili ya wakazi. Barua ya mpango huo inasema utaingizwa usipojitoa ndani ya siku 21. Si utapeli, na bei yake huweza kuwa nzuri. Ila ukikaa kimya, umekubali. Pima bei yake kama ofa nyingine yoyote, kisha amua kabla siku hazijaisha. Na ukisaini na muuzaji wako mwenyewe, unakuwa umetoka kwenye mpango wa mji.

## Hatua ya 9: Kagua bili ya kwanza

Kuhama huanza siku mita inaposomwa, kwa hiyo tegemea bili moja au mbili za zamani kwanza. Bili mpya ikija, tafuta jina la muuzaji na ufanye zidisho moja. Kama umetumia yuniti 612 kwa senti 8.79, gharama ya muuzaji inapaswa kuwa 612 × 0.0879 = dola 53.79.

Isipolingana, mpigie muuzaji kwanza, ukiwa na picha ya ofa mkononi. Asiporekebisha, peleka malalamiko PUCO. Ushauri wa bure kwa mlaji hutolewa pia na Ohio Consumers' Counsel kwa 1-877-742-5622. Kama Kiingereza kinakukwamisha, omba mkalimani na utaje neno "Swahili" mwanzoni mwa simu.

Umeme ukikatika bado unapiga AEP Ohio. Ukinusa gesi, usiwashe wala kuzima taa. Toka nje na watu wote, kisha piga 911 au Columbia Gas ukiwa mbali na nyumba. Muuzaji hahusiki na hayo.

## Hatua ya 10: Weka tarehe ya mwisho kwenye simu

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mkataba wa umeme ni mali ya namna hiyo. Unapoisha, muuzaji anaweza kukuendeleza kwa bei mpya, na bei hiyo haitafanana na ile iliyokuvutia.

Weka vikumbusho viwili kwenye kalenda ya simu: siku 60 kabla ya mwisho, na siku 30 kabla. Andika ndani yake jina la muuzaji, bei, na kiasi cha faini. Kikumbusho cha kwanza kikilia, rudi Hatua ya 2 na "Price to Compare" mpya. Kama hakuna ofa inayoishinda, pigia muuzaji umwambie hutaki kuendelea, nawe utarudishwa kwenye bei ya kawaida bila umeme kukatika hata dakika moja.

Ukihama kwenda nje ya eneo la AEP Ohio kabla mkataba haujaisha, mjulishe muuzaji. Kwa kanuni za Ohio una haki ya kuuvunja bila faini, na barua ya nyumba mpya, au bili ya kwanza ya huko, ndiyo ushahidi wako.